Jukwaa la Upande wa Jua

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, viatu vilipangwa mlangoni kwa Mshonaji, cherehani ikasukumwa ukutani na gemu ya mpira ikawashwa kwenye runinga. Sheria za nyumba ile zilikuwa mbili: mgeni anashika padi kwanza, na anayefungwa anapisha bila maneno. Hiyo ya pili haikufuatwa hata siku moja, kwa sababu Kinyozi, rafiki wa nyumba ile, hakujua kufungwa akanyamaza. Kila bao alilofungwa lilikuwa kosa la padi. Mwishowe akanunua yake, akawa anaibeba kwenye kikoba cha mashine zake za kunyolea, na bado akafungwa.

Gemu yenyewe ilikuwa ya Fundi, mume wa Mshonaji, aliyekuwa akitengeneza mitambo katika kiwanda cha saruji. Miezi minne nyuma alitoka asubuhi na chakula chake kwenye kopo, asirudi. Kiwanda kikaleta barua yenye mhuri: ameacha kazi kwa hiari yake, hajulikani aliko. Mtu aliyeacha viatu vipya chini ya kitanda, na mechi aliyoisimamisha katikati ili aje kuimalizia jioni! Mshonaji alikwenda getini mara sita. Alitaka jambo moja tu, walifungue ghala la saruji, ambamo aliamini amefukiwa, wamtoe mumewe, akamzike. Mlinzi alimjibu kwa upole kwamba aliyeacha kazi hawezi kuwa ndani.

Aliyemwona kwanza ni Mwalimu, jirani yao anayefundisha hesabu. Mpira ulitoka nje upande wa kushoto, gemu ikafanya kama ifanyavyo siku zote, ikasogeza picha karibu na mrushaji, na nyuma yake sura za watazamaji zikaonekana.

“Si Fundi yule?” akasema Mwalimu. “Safu ya tatu.”

Nusu, mdogo wake Fundi, aliyeitwa hivyo kwa ufupi wake, akainama mbele ya runinga. “Ndiye. Amekonda.”

“Wamemweka upande wa jua,” akasema Kinyozi. “Haya, rusha basi, muda unakwenda.”

Fundi alikuwa na ovaroli ya kiwandani, saruji imemganda hadi kifuani, na kofia yake ngumu ameiweka kwenye kiti cha pembeni. Hakushangilia. Nyuma yake alikaa mzee mmoja wa kupakia mifuko, ambaye kiwanda kilisema aliacha kazi mwaka juzi, na kando ya mzee yule dereva wa winchi, ambaye naye aliacha kwa hiari. Mshonaji aliifuta runinga vumbi kwa upindo wa gauni lake, akalia kidogo, kisha akaenda kuchemsha chai.

Tangu siku hiyo mpira wa nyumba ile uliharibika kabisa. Hakuna aliyetafuta bao. Wote waliutoa mpira nje kushoto, kwa zamu, hata Kinyozi, na mechi zikaisha bila kwa bila. Mshonaji alijifunza kitufe kimoja tu, cha kubutua. Mrushaji akijiandaa, yeye alipata muda wa kumpa mumewe habari moja: bomba la jikoni limezibuliwa; dada yako anakusalimu; nimekukasirikia, lakini imepita. Fundi alimtazama hadi mpira uliporushwa.

Mkaguzi wa kazi naye aliitwa. Akaja, akavua viatu, na kwa kuwa mgeni ndiye anayeanza, akapewa padi. Kumbe alikuwa hatari! Alimfunga Kinyozi matatu. Katikati ya bao la pili na la tatu mpira ulitoka nje, akamwona Fundi, akaitikia kwa kichwa.

“Namwona, mama. Na ovaroli ni ya kiwanda kile, sikatai.”

“Basi andika.”

“Tatizo ni uwanja. Huu haumo katika wilaya yangu.” Akanywa chai, akasifu kushona kwake, akavaa viatu.

Wiki mbili baadaye Nusu alipata kazi. Kiwanda kilikuwa na nafasi ya fundi mmoja aliyeacha kwa hiari, na walisema wanawathamini ndugu wa wafanyakazi wao. Akaleta ovaroli ipunguzwe miguu.

“Usiende,” Mshonaji akamwambia. “Nakuomba, shemeji. Wa kwanza sijamzika.”

“Nina watoto watatu, shemeji. Nimezunguka na vyeti hadi soli zimekwisha. Nitakaa mbali na ghala.”

“Kaka yako alisema hivyohivyo.”

Nusu akaiweka ovaroli juu ya cherehani. Mshonaji akaipinda miguu ya ovaroli kwa uzi mwekundu, maana wa bluu ulikuwa umemwishia, akamkabidhi.

Jumapili iliyofuata Nusu alikuwa na zamu ya asubuhi, akaahidi kufika saa nane na nusu. Saa tisa ikapita. Mshonaji akashika padi, na kwa mara ya kwanza akacheza kwelikweli. Mpira aliuweka kulia, akaukokota kulia, akapiga chenga ambazo hakuna aliyemfundisha, hakuuachia utoke nje hata mara moja. Alikuwa anaogopa kuliona jukwaa.

“Shemeji, leo umekula nini?” Kinyozi akauliza baada ya bao la pili.

Filimbi ya mwisho ikalia, mbili bila, na gemu ikafanya kama ifanyavyo mechi zote zinapokwisha: ikaonyesha jukwaa zima likisimama. Fundi alikuwa ameishika kofia yake mkononi. Kwenye kile kiti cha pembeni alisimama mtu mfupi, saruji ikimchuruzika bado, na kwenye pindo za miguu yake kulikuwa na uzi mwekundu.

Kinyozi akaiweka padi chini bila maneno.

Barua ilikuja Jumatatu. Mhuri uleule, maneno yaleyale, jina tu limebadilishwa. Jumatano akaja mkwe wa jirani na ovaroli mpya begani.

“Nimebahatika, mama. Nipunguzie kidogo hapa chini.”

Mshonaji alimweleza habari za ghala, mwanzo hadi mwisho. Yule bwana alisikiliza kwa heshima, akasema atakaa mbali nalo.

“Unapenda mpira?”

“Sana tu, mama.”

“Basi Jumapili karibu. Mgeni ndiye anayeanza.”

Akampima miguu. Kisha akafungua kisanduku cha nyuzi, akauruka ule mwekundu, akachagua wa kijani, asije siku moja akamchanganya na Nusu.