Wafu wa Watu Juu ya Meko

Winifred Ackroyd alipouza nyumba yake na kuhamia kwa mwanawe Clive, pale Halifax, aliomba kitu kimoja tu: picha ya marehemu mumewe, Wilf, ikae sebuleni, kwenye rafu ya juu ya meko ya kuotea moto. Clive aliitikia.

Wiki ya Krismasi Winifred aliikuta rafu imepambwa upya. Matawi ya msonobari yamelazwa toka ncha hadi ncha, mishumaa mirefu kwa mifupi, vitabu vimegeuziwa ukutani ili zionekane kurasa tu, nyeupe kama maziwa. Katikati, ndani ya fremu ya shaba, picha ya mzee mwenye masharubu ambaye Winifred hakumjua.

"Huyu nani, Philippa?" alimuuliza mkwewe.

"Sijui, Mama. Nimemwokota kwa wauza vikuukuu, picha za watu kama yeye zimejaa boksi zima! Ila ana sura, eh? Na ukahawia wake unaoana na ukuta."

"Na Wilf?"

"Nimemtia kwenye droo. Ile fulana yake ya timu ya mpira inaumiza macho, Mama."

Huenda Clive hajui, alijiambia Winifred.

Jioni walikuja majirani. Mmoja, glasi mkononi, alisogelea meko. "Clive, huyu wa masharubu ni wenu?"

Clive alimtazama mkewe, kisha picha. "Babu yangu, mzaa baba. Alikuwa na kiwanda cha sufu."

"Ndiyo maana una pua hiyo! Pua ya tajiri!"

Watu wakacheka. Clive naye akacheka, akiipapasa pua aliyopewa na Wilf, dereva wa basi.

"Jina lake nani, huyo babu yako?" aliuliza Winifred polepole.

"Mama, jamani..."

"Mimi nilimwosha baba mkwe wangu mpaka siku aliyokufa. Alikuwa akizoa taka. Nitajie jina lake."

Uso ulimwiva Clive. Winifred alifungua droo, akamtoa Wilf chini ya vitambaa vya meza, kioo kina alama za vidole.

Mwanawe alimfuata hadi ukumbini. "Mama, wakishaondoka tutamrudisha. Naapa."

Alinyoosha mkono kuipokea picha. Winifred aliutazama mkono ule kama kitu kilichotoka mferejini, akaisogeza picha kwapani.

"Usimguse. Mpigie dada yangu Muriel, mwambie nakuja kwake usiku huu. Na koti nitavaa mwenyewe."