Makoti ya Mkono Mmoja

Jelagat alipomwona Nyakio mlangoni, jambo la kwanza alilotaka kufanya ni kujificha nyuma ya rundo la sweta. Mtu mzima, jamani! Mtu mwenye dastikoti ya kazi iliyoandikwa jina la karakana mgongoni, anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi, anataka kujificha kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni. Na angejificha kweli, ila Nyakio alimwahi.

"Jela! Aki umenona. Kazi imekukubali!"

Hebu niseme ukweli mapema, usije ukamwonea Jelagat huruma ya bure. Hiyo kazi haikuwa yake.

Hawa wawili walikutana katika mradi wa kufundisha vijana kazi. Unasoma ushonaji darasani, kisha unapelekwa kwa mwajiri ujifunze kazi yenyewe huku ukilipwa posho. Walipelekwa pamoja kwa Madam Waithira, mwenye karakana ya sare za shule hapa Eldoret mjini. Madam alianza na cherehani moja kwenye baraza ya watu na sasa anakaa Elgon View kwa matajiri, na hatakuacha usahau. Siku ya kwanza tu aliwaambia kwamba mafunzo yakiisha atabaki na mmoja. Wengine wangeanza kuviziana hapo hapo. Hawa, wapi! Waligawana chapati, wakangojana jioni, na Nyakio wa mtaa wa Munyaka akamfundisha Jelagat wa mtaa wa Kimumu kukata vitambaa, maana kwa mkasi Nyakio alikuwa moto wa kuotea mbali. Kila mtu alijua ni nani atabaki. Jelagat mwenyewe alijua, na alikuwa ameanza kujizoesha na hilo.

Kisha ikaja oda ya makoti ya shule moja ya bweni. Sasa, kitambaa cha koti kina upande wa nje na upande wa ndani. Ukikitandika mezani tabaka juu ya tabaka ili ukate vipande vingi kwa mpigo, lazima ugeuze: tabaka hili nje iwe juu, linalofuata nje iwe chini. Hapo utapata mikono ya koti ya kushoto na ya kulia sawasawa. Usipogeuza, mikono yote itatoka ya upande mmoja. Meza ya kukatia wiki hiyo ilikuwa ya Nyakio. Alikuwa amefika katikati ya kutandika wakati simu ilipolia. Mamake alikuwa amelazwa hospitali. Akatoka nje kuongea, na Jelagat, kwa roho safi kabisa, akaona amsaidie mwenzake. Akatandika, akatandika, mawazo yake yako nyumbani Kimumu, wala hakugeuza hata tabaka moja. Nyakio akarudi macho mekundu, akasema asante, akamalizia, akakata.

Kesho yake mafundi walipoanza kuunganisha, wakajikuta na lundo la mikono ya kushoto isiyo na wenzake. Kitambaa cha rangi ile kilikuwa kimeisha madukani hadi Nairobi. Wee! Madam Waithira alipiga kelele mpaka wateja wakarudi nje.

Nyakio akamvuta Jelagat kando. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

"Jela, yale matabaka ulinitandikia, uligeuza?"

Jelagat alijua jibu kabla swali halijaisha. Lilimjia lote, meza, kitambaa, na yeye akitandaza tu kama mtu anayetandika kitanda.

"Niligeuza," akasema, uso mkavu.

Na Nyakio akaamini. "Basi ni mimi," akasema. "Akili yangu yote ilikuwa kwa mama." Akaenda kwa Madam kwa miguu yake mwenyewe, akajitwika kosa lote. Mafunzo yalipoisha, Jelagat akabaki.

Tangu hapo hakuwa na raha. Alijiambia Nyakio ni fundi, atapata kwingine. Alijiambia atasema ukweli akishapokea mshahara wa kwanza, na mshahara ukaja, ukaliwa, akanyamaza. Simu za Nyakio alizitazama zikilia mpaka zikachoka. Mamake mwenyewe aliposimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kazi ya binti yake, Jelagat aliinamisha kichwa, na watu wakadhani anasali.

Sasa Nyakio amesimama mbele yake, anatoa kitambaa cha sketi kwenye mfuko.

"Ni ya Ciku," akasema. Ciku ni mdogo wake. "Nataka unikatie. Kushona nitashona nyumbani."

Jelagat akacheka. "Wewe nikukatie? Sketi? Wacha mchezo."

"Si mchezo. Sijashika mkasi tangu nitoke hapa. Nikiushika tu naona nitaharibu. Collins, msimamizi wa ule mradi, alinitafutia nafasi nyingine, nikakataa. Niende niharibie mtu mwingine mali yake? Saa hii nauza mitumba na shangazi." Nyakio akatabasamu kidogo. "Hata kanisani nilisimama mbele ya watu wote, pastor akaniombea roho ya uzembe initoke. Labda itatoka."

Jelagat alijua amemnyang'anya rafiki yake kazi, na hilo alikuwa amejifunza kuishi nalo, vibaya vibaya. Hakujua amemnyang'anya ufundi wenyewe. Na bado angeweza kukata ile sketi, amkabidhi, amsindikize hadi mlangoni, na mambo yaishie hapo. Usidhani hakulifikiria hilo. Alilifikiria.

"Nyakio, hukuharibu kitu," akasema. "Ni mimi. Sikugeuza."

Nyakio akabaki na kitambaa mkononi. "Ulijua saa ngapi?"

"Uliponiuliza."

"Si baadaye?"

"Hapana. Saa hiyo hiyo."

Jelagat akamwacha hapo, akakimbilia ofisini kwa Madam Waithira, akaacha mlango wazi, akamwaga yote. Alitaka afukuzwe. Alimwomba Mungu afukuzwe, kwa sababu akifukuzwa angalau atakuwa amelipa.

Madam hakuinua hata macho. "Jelagat, shule zinafunguliwa, niko na oda hadi shingoni, na wewe unaniletea stori ya makoti? Hiyo ilipita. Siwezi kuandika wawili, na saa hii siwezi kukutoa wewe. Hilo ni lako na mwenzako. Nenda umuombe msamaha, halafu urudi kwa meza."

Hivyo tu. Kazi yake ilibaki pale pale, na haikuwahi kumlemea kama siku hiyo.

Aliporudi, alimkuta Nyakio ameshatandaza kitambaa mezani. Alikuwa amesikia kila kitu. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akapima, akachora kwa chaki, akachukua mkasi. Akakata moja kwa moja mpaka mwisho, na kipande kikatoka safi.

"Nisamehe," Jelagat akasema, machozi yakimtiririka. "Aki Nyakio, nisamehe."

Nyakio alikunja vipande vyake polepole, akavitia mfukoni.

"Mimi nilikuwa najijua," akasema. "Nilijua vile natandika. Lakini uliposema uligeuza, nikaona afadhali nijikatae mimi kuliko kukukataa wewe."

Akashika mfuko wake, akamwangalia Jelagat, akatoka bila kuaga.

Kutoka ofisini Madam aliita tena, oda inangoja. Jelagat akajipangusa macho, akavuta kitambaa kingine, akaanza kutandika.