Ukurasa Ndani ya Buti

Kitu cha kwanza nilichoona ni doa jekundu kwenye soksi yangu, dogo kama mbegu ya nyanya, upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Nilidhani ni damu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wa karakana, mvua imetoka kukatika, buti la mtu mwingine nimelipakata mapajani. Nikalibonyeza doa kwa kidole. Halikuuma. Lilizidi kutawanyika kwenye nyuzi nyeupe, likageuka waridi, na hapo nikalitambua. Ulikuwa wino wa kalamu ya mwalimu wangu wa darasa la nne.

Karakana ya Mjomba ilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara. Wa nyuma ulitazama kiwanja kidogo ambako bomba lilivuja mwaka mzima na kufanya dimbwi lisilokauka. Juu ya mji upo mlima, nao haukauki vilevile. Njia zake ni tope na majani yaliyooza, na kuna mahali ardhi ni laini kama godoro. Ukikanyaga, maji yanapanda kandokando ya mguu kana kwamba yalikuwa yakikusubiri. Wanaopanda huko kikazi hawaulizani kama kiatu ni kizuri. Huulizana kama kinaingiza maji. Na kikianza kuingiza, humletea Mjomba.

Mjomba hakuwa mtu wa haraka. Aliondoa tope kwa brashi na maji baridi, akatoa kamba, akauvuta ulimi wa buti nje, akajaza magazeti ndani na kuyabadilisha asubuhi na jioni mpaka yatoke makavu. Kukausha kiatu kwa moto hakutaka hata kusikia. Alisema ngozi iliyobabuliwa ni kama mtu aliyeaibishwa mbele za watu, haikunjuki tena. Ikishakauka ndipo alipoyeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ndani ya kopo, akaipaka kwa kidole gumba, akisugua kila mshono mpaka ngozi ishibe. Kwa kufanya hivyo miaka nenda rudi, gumba lake la kulia lilivaa gamba la nta, linang'aa kama mgongo wa kijiko.

Baada ya hapo ulifuata mtihani. Aliweka ukurasa mmoja wa daftari ndani ya buti, akalisimamisha kwenye karai la maji, nasi tukala chakula cha mchana. Tukimaliza, anautoa ukurasa na kuupitishia gumba. "Mkavu," anasema, na buti linapanda rafuni. Wateja walikuwa wakitaniana kwamba viatu vya Fundi ndivyo pekee mjini vyenye cheti.

Kurasa zilikuwa zangu. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano. Mjomba, kaka yake, alikuja kunichukua na begi la nguo na mfuko wa madaftari, akaahidi mbele ya ndugu wote kwamba nitarudi shule mambo yakitulia. Mambo hayakutulia. Mwaka wa kwanza paa la nyumba lilianguka upande mmoja, mwaka wa pili mgongo wake ulimlaza miezi minne, na baada ya hapo hatukulizungumza tena. Madaftari yalikaa rafuni juu ya makopo ya gundi. Siku alipoishiwa karatasi za mtihani, aliniomba ruhusa kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo akawa anachana. Lakini nilimtazama, maana kutazama ndiyo kazi ya mtu asiyesema, nikagundua kwamba alichana kurasa tupu tu. Akikuta ukurasa wenye japo sentensi moja kwa mwandiko wangu, aliupita. Kisha alilifunga daftari taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

Sasa, buti nililolipakata siku ile lilikuwa la Mpimaji. Hivyo ndivyo tulivyomwita: mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Kila mwezi alipanda mlimani kupima kina cha maji kwenye vijito vya huko juu, siku tisa kwenda na kurudi. Mimi alinibandika jina la Kimya, kwa sababu kwa miaka miwili alikuwa amesikia kwangu shikamoo na kwaheri, basi.

Ilikuwa mara yake ya tatu kurudisha mabuti yaleyale. Mara ya kwanza Mjomba alibadilisha soli. Mara ya pili alishona upya pembeni kuzunguka soli yote. Safari hii Mpimaji alikaa kwenye kigoda cha wateja, akavua soksi mbele yetu. Unyayo wa kulia ulikuwa mweupe na umekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo, na mahali pawili ngozi ilikuwa imebanduka.

"Fundi," alisema, "buti limefaulu mtihani wako mara mbili. Aliyefeli ni mimi."

Mjomba hakucheka. Ndipo Mpimaji aliposhusha sauti, jambo lililonitisha kuliko ule unyayo. Alieleza kwamba mkuu wake wa kazi alikuwa ameuona mguu. Akirudi tena katika hali ile, mlima atapewa kijana fulani aliyeajiriwa juzi, na yeye atawekwa ofisini kunakili namba atakazoleta huyo kijana. Alituambia dirisha la ofisi hiyo linatazama ukuta. Alikuwa amepanda mlima ule miaka kumi na saba. Angeondoka keshokutwa asubuhi.

Alipofika mlangoni, na ndara zake, akageuka. "Nikirudi na chura ndani ya kiatu, utamlea wewe."

Mjomba alikesha na fikra zake, na kesho yake alilishughulikia buti lile kana kwamba limemtukana. Alikagua soli, akapaka nta mara tatu, akaliweka karaini. Tukala. Akautoa ukurasa, akaupitishia gumba.

"Mkavu," alisema, na sauti yake ilikuwa na shukrani.

Alinipa ukurasa nikautupe. Ukingoni ulikuwa umefanya mawimbi madogo matatu. Karatasi ambayo haikuguswa na maji hailali hivyo. Nikaigusa kwa kidole changu, nikahisi ubaridi. Kisha nikalitazama gumba la Mjomba, lile gamba la nta, nikaelewa kwamba gumba lile lisingehisi unyevu hata lingetumbukizwa kisimani.

Nilipaswa kusema papo hapo. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Yeye alikuwa fundi kabla sijazaliwa, na mimi nilikuwa mtu ambaye muuza duka akinipa kibiriti badala ya sabuni, nakipokea na kuondoka nacho.

Alipotoka kwenda kununua uzi, nilipanda juu ya kigoda na kushusha daftari la hesabu. Nilichana jedwali la saba. Namba nilikuwa nimeziandika kwa penseli, na mwalimu alikuwa amezisahihisha kwa wino mwekundu: tiki kumi na moja na kosa moja. Nikaikunja karatasi kuzunguka mguu, juu ya soksi, nikaingiza mguu ndani ya buti. Mguu wangu na wa Mpimaji ilikaribiana kwa ukubwa. Sikwenda kwenye karai. Nilikuwa nimewaza wakati wote wa chakula kwamba buti karaini linasimama tu, na hakuna anayepanda mlima amesimama. Nikaenda kwenye dimbwi la bomba, na mvua ikaanza, nami nikatembea. Nilichuchumaa, nikainuka, nikapiga hatua ndefu kama ya mtu anayevuka gogo. Kama jirani alinichungulia, bila shaka alisema yule mpwa wa Fundi hatimaye amepotewa na akili.

Nilipovua, tiki zote kumi na moja zilikuwa zimesimama imara. Lile kosa peke yake lilikuwa limeyeyuka na kupita hadi kwenye soksi.

Mjomba alinikuta hapo ngazini. Kwetu fundi havai kiatu cha mteja, hata kwa mzaha, na nilisubiri aanze na hilo. Lakini macho yake yalilipita buti yakatua kwenye karatasi.

"Umechana wenye maandishi," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Tupu zilikuwepo."

"Tupu hazisemi kitu."

Maneno yalinitoka kabla sijayazuia. Sikuwahi kumjibu Mjomba hata siku moja. Nilimpa ukurasa. Akausogeza karibu na macho, akausoma kuanzia juu, mstari kwa mstari, kama aliyeletewa barua. Nilidhani hatamaliza.

"Saba mara nane ni hamsini na sita, mama," alisema hatimaye.

"Najua, Mjomba. Lakini angalia palipolowa."

Nikauzungusha ukurasa ndani ya buti kama ulivyokuwa mguuni. Lile kosa lilikaa sawasawa kwenye mkunjo ulio kando ya ulimi, pale ngozi inapojikunja kila unapopiga hatua. Mjomba akalikunja buti kwa mikono miwili. Kwenye nta yake nene ukafunguka mstari mwembamba kama unywele, ukipita juu ya matundu ya mshono wa zamani. Akaliachia, mstari ukajifunga. Akalikunja tena, ukafunguka.

Alikaa kwenye ngazi kando yangu.

"Soli mara tatu," alisema. "Mara tatu nimetazama chini."

Kisha aliingia ndani, nikamsikia akiburuta kitu. Alikuwa amesogeza kigoda chake upande mmoja wa meza na kuweka cha pili pembeni yake. Tulifumua mshono ule pamoja. Tuliondoa nta ngumu kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa, tukasubiri ngozi ikauke, tukaweka kipande cha ngozi nyororo kwa ndani na kushona kwa uzi uliopakwa nta, tundu kwa tundu, yeye akitoboa, mimi nikivuta. Nta ya mwisho tuliizidishia mafuta, ili ijikunje na ngozi badala ya kupasuka juu yake. Na yeye mwenyewe, bila kuambiwa, alinyoosha mkono akachana jedwali la nane. Nikavaa buti, nikaenda dimbwini, naye akasimama mlangoni akinihesabia hatua. Tiki zote zilirudi kama zilivyokwenda.

Asubuhi Mpimaji alipokuja, Mjomba hakumweleza chochote. Alisema, "Muulize huyu. Ndiye aliyeona." Akajifanya anatafuta gundi.

Niliongea nikilitazama buti. Nilimwambia maji yalikuwa yanaingilia kwenye mkunjo, si chini. Nilimpa kopo dogo la nta, nikamwambia kila jioni afute tope, apake kidogo tu pale mkunjoni, alikunje buti mara mbili tatu, na asithubutu kuliweka karibu na moto hata kama vidole vinaganda. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na kwake hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kupanda mlima.

"Kumbe Kimya ana sauti," alisema. "Tena ya mwalimu."

Mimi nilitabasamu. Mjomba aliinamisha kichwa.

Siku ya kumi Mpimaji aliingia akiwa na tope mpaka magotini. Alivua buti la kulia, akalipindua juu ya meza, akaligonga kisigino. Hakikutoka kitu, hata tone. "Pole, Fundi," alisema. "Hujapata mtoto wa kulea." Mlima bado ni wake hadi leo, na yule kijana, nasikia, ndiye aliyekaa karibu na dirisha.

Imepita miaka sita. Mjomba sasa hukaa mlango wa mbele na kupokea wateja, mimi niko mezani. Napaka nta kwa gumba kama yeye, ila kidole kidogo nakiweka safi, kwa ajili ya karatasi. Buti haliruki dimbwi: kila moja latembezwa. Na kila ukurasa wa mtihani una maandishi. Tulimaliza hesabu, tukamaliza sayansi, tukamaliza barua nilizofundishwa kumwandikia rafiki ambaye sikuwa naye. Kila mara, kabla ya kuchana, Mjomba aliniuliza, "Huu nao?" Nami niliitikia kwa kichwa.

Limebaki daftari moja, lenye jalada la kijani. Alilinunua mwaka ule alionichukua, kwa ajili ya darasa la sita, na halikuwahi kuandikwa neno. Akifagia hulishusha, akalipangusa vumbi na kulirudisha. Wateja wakinisifu, husema, "Huyu alikuwa arudi shule. Mimi ndiye niliyemchelewesha." Na mimi huinamia kiatu kilicho mbele yangu, kama kawaida yangu.

Mjomba, daftari la kijani nimelichukua bila ruhusa. Haya unayoyasoma nimeyaandika humo, kwa kalamu ya wino, herufi kubwa kubwa kwa sababu najua unasoma taratibu na hupendi kuvaa miwani. Mwaka wa kwanza nilitaka kurudi shule, nililia kwa ajili hiyo na ulinisikia. Mwaka wa pili nililia kidogo. Siku ile ya dimbwi, nilipokusikia unaburuta kile kigoda cha pili, sikutaka tena kwenda popote. Nilikuacha miaka sita ukiamini umenikosea, kwa sababu tu sikujua sentensi ya kuanzia. Hukunichelewesha.

Ukimaliza kusoma, chana. Kurasa zote zina wino.