Jicho la Fundi wa Msumeno

Fundi wa msumeno alikuwa amejaza hatari sita kwenye fomu ya mafunzo ya usalama kazini: vumbi, nyaya, kelele na nyinginezo. Mkufunzi akasimama nyuma yake.

"Umebakiza ipi, mzee wangu?"

"Hamna."

Shemeji yake, anayemshikia mbao anapokata, akaguna. "Hamna, shem? Jana si ulikata penseli yangu juu ya ubao ukidhani ni mstari?"

Karakana nzima ikacheka, ila fundi. Akikiri kwamba jicho la kushoto limeingia ukungu, ataondolewa kwenye msumeno, na kazi nyingine haijui.

Akaandika polepole: "Jicho langu."

Mkufunzi akavuta kiti. "Nani anaweza kuumia?"

"Huyu shemeji."

Kengele ya kutoka ikalia kabla hawajajaza swali la mwisho la fomu: "Tufanye nini?"

"Kesho tutaijaza sote watatu," mkufunzi akasema.