Mkwe Niliyemwita Goigoi

Goigoi si mvivu, ingawa wengi huchanganya. Mvivu hataki kazi. Goigoi anaitaka, ila inamponyoka. Ukimwambia hivyo mtoto aliyeangusha yai, atacheka. Ukimwambia mkwe wako kila siku mbele ya watu, hilo ni tusi. Nililijua na nikaendelea.

Soila, mke wa mwanangu Oscar, ndiye huwanawisha wageni wetu, kama mkwe anavyopaswa. Siku ya ubatizo wa mtoto wao Simel, birika lilimtoka mkononi, maji yakammwagikia mchungaji mapajani. Nikamwita goigoi hapohapo, watu wakacheka. Baada ya hapo vikombe vyangu vya wageni vikaanza kwenda kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na viwili, na kila kimoja kilipovunjika nilitangaza kwenye jumuiya yetu ya sala: vimebaki tisa, vimebaki saba. Yeye alifagia vipande.

Jumatano iliyopita jumuiya ilikuwa kwetu. Uji ulikuwa unatokota. Nilimwona Soila akiiepua sufuria kwa mikono mitupu, akaja nayo kwangu taratibu, kama mtu aliyebeba maji baridi. Nikanusa ngozi ikiungua. Nilipiga kelele, naye akasimama akaniuliza, yeyo, yaani mama, kuna nini. Alipoitua, ngozi ya vidole ilibaki ukingoni mwa sufuria.

Hospitalini mjini, daktari alimwambia afumbe macho, akampitishia pamba mkononi. Hakusikia chochote. Juu ya kiwiko palikuwa na baka jeupe ambalo sikuwahi kuliona, na tunaishi boma moja. Daktari akasema ni ukoma. Mimi nilidhani ukoma uliisha enzi za babu zetu. Akasema vidonge vipo, ni vya bure, atapona. Shida ni mishipa ya fahamu. Kama ganzi haijafika miezi sita, vidole vina nafasi nzuri ya kurudi. Ikishapita sana, hawezi kuahidi. Akauliza vitu vilianza kumponyoka lini.

Nilimwomba Mungu Soila aseme mwezi jana. Lakini Simel, aliyekuwa mchanga siku ile ya birika, siku hizi anakimbiza kuku uani.

Soila alinitazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza.

“Muulize yeyo,” alimwambia daktari. “Yeye ndiye alikuwa anahesabu.”