Gari Lililoelekea Langoni

Tuseme ukweli mapema: mjinga wa siku ile alikuwa Mansur, tena mjinga wa kanzu iliyopigwa pasi.

Asubuhi alimleta mkewe Kulthum, uchungu umemshika, kwenye nyumba ya uzazi ya mkunga Laker, kule Mengo. Mansur mwenyewe alitaka hospitali kubwa, ingawa madaktari wake nusu walikimbia nchi na nusu walikimbizwa. Kulthum alikataa. Dada yake alizalia kwa Laker, akarudi na mtoto na kicheko.

Mansur akakaa barazani, kila akionacho kinamtia shaka. Mkewe hakulazwa, alitembezwa uani kama anatafuta kuku aliyepotea. Akapewa na uji.

"Mama Laker, utamlaza lini?"

"Akichoka kutembea. Akitaka kuchuchumaa, atachuchumaa. Uchungu ni wake, baba, si wangu wala wako."

Halafu Mansur akaliona gari. Pijo nyeupe, pua imeelekea langoni, na ndani mwanamume wa miwani nyeusi. Katika Kampala ya utawala ule wa bunduki, wakiona gari kama lile na miwani kama ile, watu walivuka barabara bila kuambiwa. Waliotiwa kwenye buti la gari hawakurudi kusimulia.

Mansur akajikaza, akamwendea. "Ndugu, jina lako nani?"

"La kazi gani?"

"Unangoja nani hapa?"

"Nangoja nitakayeitiwa."

"Kabila gani wewe?"

Mtu yule akapandisha kioo.

Basi, kwisha! Laker ni mtego, uji ni wa kulevya, na Kulthum ndiye atakayepakiwa. Mwenye miwani alipokwenda msalani, Mansur alikunja kanzu, akachuchumaa kabla ya mkewe, akalitoa upepo gurudumu la nyuma mpaka likalala chini kama chapati.

Mara kilio cha mtoto kikapasua dirisha. Alhamdulillahi yake haijafika mwisho, Laker akatoa kichwa: "Okullo! Gari! Damu inamtoka zaidi ya nipendavyo!"

Mwenye miwani akatoka mbio, akafunga breki mbele ya gurudumu. Huyo Okullo ndiye dereva wa nyumba ile. Kazi yake ni kungoja, mzazi akizidiwa ampeleke hospitali upesi. Miwani ilificha macho yaliyokuwa yakimuuma.

Alimtazama Mansur, akamtazama tena. Akamtupia pampu ya mguu, akamwita bwana kwa Kiganda.

"Kanyaga, sebo. Maswali utauliza baadaye."

Mansur alikanyaga. Alikanyaga kwa Yasini, akakanyaga kwa machozi, kanzu imemganda mgongoni, na gurudumu halishibi. Mkewe anakwisha ndani, na mkono uliomfungia njia ni wake mwenyewe.

"Acha sasa!" Laker alitokea mlangoni, anajifuta mikono. "Tumbo nimelikanda, mtoto ananyonya, damu imekata. Ingia umwone binti yako. Na unawe kwanza!"

Kulthum alikuwa ameegemea ukuta, mtoto kifuani, na habari za gurudumu zimeshamfika.

"Mke wangu, nyakati zenyewe unazijua," Mansur akajitetea. "Mtu hajulikani. Ningejuaje kama humu hamna mpelelezi?"

"Alikuwamo," Kulthum akasema. "Kauliza watu majina, kauliza makabila, kaharibu na gari lao. Na mimi nimetoka kumzalia mtoto sasa hivi."