Nane Yao, Nane Yangu

Hebu niambie wewe unayesoma: ukiandikiwa "Bibi na watoto, Alhamisi, 8:00–11:00", utafika saa ngapi?

Mimi nilisoma saa nane. Saa nane mchana mpaka saa kumi na moja jioni, jua limepoa, watoto wameshakula, mtu anaweza kukaa akanyoosha miguu. Nilisoma mara tatu kwa miwani na mara moja bila miwani. Niliishia darasa la sita, lakini namba tulifundishwa vizuri.

Karatasi hiyo aliniletea mwanangu, mzaliwa wangu wa pekee. Zamani alikuwa fundi wa mafriji, sasa ni mmisionari. Yeye na mkewe, ambaye ni muuguzi, na watoto wao wawili, walikuwa wanahamia nchi ya mbali kuhubiri Injili. Miaka sita. Ndege yao ilikuwa Jumapili. Juu ya karatasi aliandika kwa herufi nene: WIKI MBILI ZA KUFURAHIA FAMILIA. Kila kundi na rangi yake. Kwaya kijani, wafadhili buluu, marafiki wa chuo cha Biblia zambarau. Mimi njano, na nilitokea mara mbili. Jumatano: "Fundi, kuchukua nguo". Alhamisi: "Bibi na watoto". Huyo fundi ni mimi, na nguo ni zile nne za kitambaa kimoja alizoniagiza nishone kwa ajili ya picha ya kuagana.

Nikatafuta neno "Mama". Nikageuza karatasi na nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

Sina ugomvi na Mungu. Aliyemwita mwanangu namjua, tena mimi ndiye niliyemfundisha mtoto huyo kupiga magoti. Nilichotaka kilikuwa kidogo mno, hata kukitaja nilikuwa naona haya: kukaa na mwanangu, yeye na mimi. Kabla hajaoa, kila jioni akitoka karakana alikuwa anapitia kibandani kwangu, anakaa juu ya marobota ya vitambaa, mikono inanuka gesi, hasemi kitu. Mimi nakanyaga cherehani, nami sisemi kitu. Tunakaa hivyo mpaka giza liingie, kisha tunafunga mlango tunakwenda nyumbani. Tangu aitwe sijawahi kumwona amekaa bila watu wa kuwahubiria.

Jumatano nikamngoja. Nguo alikuja kuzichukua mkewe, teksi inanguruma nje. Basi nikasema moyoni, subira. Kesho watoto watacheza, watachoka, watalala, nami nitamvuta mwanangu pale kizingitini tukae. Subira ninayo. Miaka arobaini nimeshonea watu wanaosema wamepungua kumbe wamenenepa.

Alhamisi sikufungua kibanda. Simu nikaizima, maana wateja wangu hawana haya. Uko msibani, mtu anakupigia kuulizia zipu yake. Asubuhi nikamalizia sketi mbili za watu nyumbani, nikapiga pasi gauni langu lenye vifungo sita, nikapaka viatu rangi. Kinyozi wa jirani akaniona napita.

"Mama Fundi, leo unakwenda kuposwa?"

"Na nani, na wewe? Kiti chenyewe unacho kimoja."

Nilifika saa nane kasoro dakika tano. Nikasimama pale kwenye kona dakika hizo tano, nisionekane nina pupa.

Mlango ulikuwa wazi. Sebule imejaa maboksi, makochi yameshauzwa, pazia limeshushwa. Katikati, mpiga picha anafunga taa yake kwenye miguu mitatu. Na wao wanne wamevaa zile nguo zangu, wamejipanga ukutani.

Mkamwana wangu akanijia mbio. "Mama, uko salama? Tumekupigia simu mpaka tumechoka. Tulikusubiri tangu saa mbili."

"Saa mbili ya nini?"

"Si ndiyo zamu yako na watoto? Saa mbili mpaka saa tano."

Nikatoa karatasi kwenye mkoba, nikainyoosha, nikaweka kidole pale. "Hapa pameandikwa nane."

Mjukuu wangu wa kiume, ambaye tunamwita Kwanini kwa sababu unajua mwenyewe, akaja akachungulia. "Bibi, hiyo ni nane ya kule. Nane ya kule ni saa mbili ya hapa. Baba alisema tuanze kusoma saa kwa namba za kule, tuzoee."

"Alimwambia nani, mume wangu?"

"Sisi."

Neno hilo nililisikia vizuri. Sisi. Mtoto hana kosa, alisema alichokijua.

Mwanangu akacheka. Hakucheka vibaya, alicheka kama mtu anavyomchekea mtoto aliyevaa shati nje ndani. "Mama naye," akamwambia mpiga picha. "Wa zamani hawa. Basi Mama, usijali, tutakupangia upya." Akaenda ukutani ilipobandikwa karatasi yao, akapitisha kalamu. "Jumamosi. Baada ya kupima mizigo, kabla ya maombi na wafadhili. Hapa naona dakika ishirini. Zinatosha?"

Hasira yangu haipandi haraka. Inakuja kama maji ya sufuria kubwa, kwanza yanalia chini chini. Pale ilianza kulia. Mtoto nimembeba miezi tisa, sikumpangia dakika. Alipougua surua nililala sakafuni kando yake siku kumi na moja. Leo anatafuta nafasi yangu kwa ncha ya kalamu, katikati ya mizani na wafadhili.

Watoto walikuwa wanatazama. Nikaikunja karatasi yangu, nikairudisha mkobani.

"Ila umekuja wakati mzuri," akasema. "Kaa hapa katikati. Picha hii inakwenda kwa makanisa yanayotuombea. Wakituona na bibi watafarijika."

Mpiga picha akanisogezea kiti cha plastiki. "Bibi, kaa hapo, tabasamu. Uso uonyeshe unamtoa mwanao kwa moyo mkunjufu."

"Moyo unauona kwenye hiyo mashine yako?" nikamwuliza.

"Nauona uso tu, bibi."

"Basi piga uso uliopo."

Mkamwana akaninong'oneza, "Mama, jamani." Yeye hana baya. Macho yalikuwa mekundu, na nadhani si kwa kukosa usingizi tu.

Mpiga picha akainama kwenye kamera yake, akainuka tena. "Mchungaji, suruali ya kulia imeshuka. Upindo umeachia."

Mwanangu akajitazama miguuni. "Aa, hilo dogo. Fundi wetu si huyu hapa. Mama, hebu nishikizie haraka, mwanga usitupotee."

Ni kweli mkobani natembea na pini. Nikapiga magoti. Magoti yangu yakalia, watu wote wakasikia. Nikaweka pini nne mdomoni kama ninavyofanya siku zote, nikashika upindo. Uzi ulikuwa umekatika, wala haukukatika wenyewe. Alikanyaga, tangu mdogo huvaa suruali akiwa amesimama, anakanyaga. Juu yangu akaanza kuzungumza na mpiga picha habari za barua watakayoituma pamoja na picha. "Andika hivi: tunaitumia kila dakika kuifurahia familia yetu. Hasa mama yangu mzazi."

Mama. Nililitafuta neno hilo kwenye karatasi nzima, kumbe lilikuwa limewekwa kwa ajili ya barua ya watu wengine.

Unajua mtu mwenye pini mdomoni hawezi kusema. Miaka arobaini wateja wamenisimulia mambo yao, mimi nimeinama, pini mdomoni, na wameniona nina subira. Nikashikiza ya kwanza. Nikashikiza ya pili. Ya tatu ikamchoma.

"Mama, taratibu."

Nikatema pini ya nne kwenye kiganja. Sikuinuka.

"Sitabasamu," nikasema. "Na Jumamosi siji. Dakika ishirini zako wape wanaopima mizigo."

"Mama, sasa hasira za nini? Ni kosa la saa tu. Mbona jambo dogo?"

"Jambo dogo ndilo hilo la saa. Kwa kutokuja kibandani jana hukunikasirisha. Umenikasirisha kwa kunipanga."

Taa ya mpiga picha ilikuwa inawaka bure. Kwanini akafungua mdomo aulize, mama yake akamfunika kwa kiganja. Mwanangu akachuchumaa tukawa uso kwa uso, suruali ikavutika, pini zikachomoka zote. Akaitoa ile kalamu mfukoni bila kufikiri, nikaona mkono wake ulivyozoea.

"Basi sema unachotaka, Mama. Sema, nitaandika."

"Usiandike."

Akaiweka chini.

"Nilitaka uje kibandani," nikasema. "Peke yako. Ukae tu, mpaka giza liingie."